Mlango, Mizani na Bawabu: Kuihakiki Sheria ya Ushindani



Sheria nayo ni maandishi, na maandishi yo yote yaliyotolewa hadharani yafaa kusomwa kwa jicho la uhakiki. Twahakiki mashairi, twahakiki riwaya, hata hotuba za wakubwa twazipima neno kwa neno barazani; lakini sheria, ambayo huingia mfukoni mwa mtu upesi kuliko shairi lo lote, twawaachia mawakili na mahakimu. Leo nakualika tuisome sheria moja, nayo ni Sheria ya Ushindani, namba 8 ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani na Baraza la Ushindani. Na mahali pa kuisomea nimepachagua: tuisomee Butimba, si Dar es Salaam. Sababu utaiona mbele kidogo.

Watu wengi wakilisikia jina la Tume ya Ushindani hudhani kazi yake ni kuteketeza bidhaa za kughushi. Hatuwezi kuwalaumu, maana ndivyo wanavyoiona magazetini. Kazi hiyo ni ya kweli, lakini yatokana na sheria nyingine ya zamani, ile ya alama za bidhaa. Moyo wa sheria ya 2003 u mahali pengine. Kifungu cha 3 chaeleza kwamba shabaha yake ni kuinua ustawi wa watu wa Tanzania kwa jumla, kwa kuulinda ushindani wa kweli sokoni na kuzuia hila. Kifungu cha 8 chakataza mapatano ya kuua ushindani, na cha 9 chayataja yaliyo mabaya zaidi: washindani kukaa pamoja na kupanga bei, kukubaliana kumsusa mtu fulani, kula njama katika zabuni. Kifungu cha 10 chamkataza mwenye nguvu sokoni kuitumia nguvu yake vibaya. Cha 11 chahusu makampuni yanaponunuana au kuungana. Na sheria ilivyotungwa, mvunjaji aweza kutozwa faini ya kati ya asilimia 5 na asilimia 10 ya mauzo yake ya mwaka mzima, faini ambayo hata tajiri mkubwa huiona.

Naitanguliza hukumu yangu ili usije ukadhani nimekuja kubomoa. Hii ni sheria nzuri kuliko watu wanavyoidhania. Imeandikwa kwa mpango, haibembelezi matajiri, wala haiwaoni wanunuzi kuwa ni watu wa kuongezewa mwishoni kwa ajili ya heshima tu. Dosari yake ya kwanza ni ya lugha. Iliandikwa kwa Kiingereza, na ilikuwa mwaka 2021 ndipo Bunge lilipoamua kwamba lugha ya sheria za nchi hii iwe Kiswahili. Maana yake ni kwamba kwa miaka 18 mtu aliyelindwa na sheria hii alihitaji mkalimani ili ajue kwamba amelindwa. Jambo hili si dogo; lakini kubwa zaidi ni dosari ya kipimo, na kipimo hicho hakionekani sawasawa mpaka ukisimamishe mbele ya meza ya wakala wa pesa.

Butimba ni kata ya jiji la Mwanza, upande wa kusini, kwenye barabara itokayo mjini kwenda Nyegezi. Watu wa mbali waijua kwa chuo chake cha ualimu na kwa gereza lake kuu. Apitaye huko leo ataona jambo jingine ambalo halikuwako miaka 20 iliyopita: kila baada ya hatua chache kuna kibanda au mwavuli, na chini yake kijana ameketi na daftari, simu nne au tano zimepangwa mezani, kila moja na rangi ya kampuni yake. Mwanachuo huja kuchukua pesa za matumizi alizotumiwa na wazazi kutoka Sengerema au Ukerewe. Mama wa dagaa huja kumlipa mvuvi aliye ng'ambo ya ziwa. Ndugu wa mfungwa huja kutoa nauli ya kurudia kwao.

Sasa mtazame huyo kijana vizuri, maana makampuni yashindanayo yote yamekutana mezani pake. Tuseme ana mtaji wa shilingi milioni mbili. Milioni moja lazima aishike taslimu, kwa ajili ya wanaokuja kutoa pesa. Milioni iliyobaki ni floti, ile pesa iliyomo ndani ya simu kwa ajili ya wanaokuja kuweka. Nayo akiigawa sawasawa katika laini nne, kila laini yapata 250,000. Akija mwalimu kutaka kuweka 300,000 kwenye laini ya kampuni moja, kijana hana la kumfanyia. Ana milioni nzima simuni, lakini imekatwa vipande vinne na kila kipande kimefungiwa nyumba yake. Basi mwalimu aondoka, na kamisheni yaondoka naye. Sisi twasema kwamba nchi yetu ina bahati, makampuni ni mengi na ushindani upo. Ni kweli, upo. Ila gharama ya kuta zinazoyatenga makampuni hayo inalipwa na mtu mwenye mtaji mdogo kuliko wote.

Kuta hizo zina historia yake. Vodacom ilileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008. Zain, ambayo baadaye ikawa Airtel, ikaja na huduma yake mwaka 2009, na Tigo ikaja na Tigo Pesa mwaka 2010. Zantel nayo ilikuwa na yake. Kwa miaka kadhaa kila kampuni ilikuwa kisiwa. Ukimtumia pesa mtu wa mtandao mwingine, hazikuingia katika simu yake. Alipata ujumbe wenye namba za siri, kisha akaenda nao kwa wakala wa mtandao wako, si wake, akapewa taslimu. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya mtu mmoja kuwa na laini tatu. Wageni huiona desturi hiyo kama mapenzi ya Waswahili kwa simu, kumbe ni kama mtu mwenye funguo tatu kwa sababu nyumba yake imejengewa milango mitatu.

Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zikakubaliana kufungua milango, ili pesa itoke simu ya huyu iingie moja kwa moja katika simu ya yule. IFC, tawi la Benki ya Dunia, lilisaidia kuwaweka pamoja na kuandika kanuni, na Benki Kuu ilikuwa ikihimiza pembeni. Vodacom, iliyokuwa na wateja wengi kuliko wote, ilijiunga mwishoni, mwaka 2016. Si jambo la kushangaza kwamba mkubwa ndiye aliyechelewa. Mwenye wateja wengi hapati faida kubwa kwa kufungua mlango, kwa kuwa watu anaowataka tayari wamo ndani. Ni mdogo aliye nje ndiye anayebisha hodi. Mapatano hayo yamesifiwa sana katika vitabu na mikutano ya nje kuwa mfano wa Afrika, na sifa kubwa iliyotolewa ni hii: yalifanyika kwa hiari, pasipo amri ya serikali.

Hapa ndipo mimi na wasifuji tunapoachana. Nakiri kwamba faida ilikuwa kubwa, na mama wa dagaa hahitaji profesa wa kumweleza faida hiyo. Lakini mlango uliofunguliwa na wenye nyumba kwa hiari yao hufunguliwa kwa masharti yao. Wao ndio waliopatana, wawili wawili, nini kitalipwa kati yao. Wao ndio waliopanga ada ya kuvuka. Wao ndio walioamua kwamba pesa ya mteja ivuke lakini floti ya wakala isivuke. Na mambo haya yote yaliamuliwa katika vyumba ambavyo ndani yake hakuwamo hata mwakilishi mmoja wa wenye meza na miavuli. Sheria ya Ushindani ilikuwako wakati huo, ina umri wa miaka 11, na haikuonekana. Baadaye Benki Kuu ikajenga mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, uitwao TIPS, ambao mabenki na mitandao ya simu hupitishia miamala, na hatua hiyo imeliweka daraja la katikati mikononi mwa umma. Ni hatua njema. Lakini nayo ilikuja kwa mlango wa Benki Kuu, si kwa mlango wa ushindani.

Jirani zetu wa Kenya walikwenda njia nyingine, nayo yafaa kutazamwa kwa kuwa ni jambo lile lile. Huko M-Pesa ya Safaricom ilikuwa na nguvu mara nyingi kuliko mpinzani ye yote, na wakala aliyeandikishwa nayo alifungwa na mkataba asifanye kazi ya mtandao mwingine. Airtel ikapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na mwaka 2014 Safaricom ikakubali kuvifuta vifungu hivyo, mawakala wakawa huru. Tazama tofauti: Wakenya waliwafungua mawakala kwanza kwa mkono wa sheria, na wateja wakaja kufunguliana milango miaka minne baadaye, mwaka 2018. Sisi tuliwafungua wateja kwanza kwa mapatano. Mawakala wetu hawakuwa na pingu za mkataba. Kijana wa Butimba alikuwa huru tangu zamani kupanga simu zote mezani. Pingu zake ni za mtaji, na pingu za namna hiyo hakuna aliyezishtaki.

Sasa turudi kwenye maandishi yenyewe. Kifungu cha 5, kama kilivyotungwa mwaka 2003, chasema kwamba mtu ni mtawala wa soko ikiwa mambo mawili yamekutana: kwanza, kwamba akiwa peke yake aweza kuudhoofisha ushindani kwa faida yake na kwa muda wa kutosha, pili, kwamba sehemu yake ya soko imepita asilimia 35. Ni lazima yote mawili yawepo. Mtunga sheria alitaka kuwa mwadilifu, asimhukumu mtu kwa ukubwa peke yake, na nia hiyo naiheshimu. Lakini matokeo yake ni kwamba mwenye asilimia 34 aweza kuonekana waziwazi ana uwezo wa kudhuru, na bado kifungu cha 10 kisimguse. Na asilimia hiyo ni ya soko gani? Soko la laini za simu? Soko la kutuma pesa? Soko la kutoa pesa kata ya Butimba? Au la mikopo midogo ya simuni? Kampuni ile ile yaweza kuwa ndogo katika hesabu ya kwanza na kubwa mno katika ya tatu. Kesi nzima hugeuka kuwa ubishi wa kuchora mipaka ya soko, na mwenye mawakili wengi ndiye mwenye kalamu ndefu.

Hata kama namba hiyo ingepunguzwa au kuongezwa, ugonjwa ungebaki pale pale, kwa kuwa kipimo hiki kinahesabu mafungu wakati madhara yamo mlangoni. Swali la kumwuliza mwenye nguvu si kwamba ana sehemu ngapi katika mia. Swali ni: je, watu wanaweza kufika kwa wenzao bila kupita kwake? Na je, yeye anayeishika mizani naye anauza kwenye mizani hiyo hiyo?

Neno mizani sikulileta kwa kutafuta pambo. Watu wa Mwanza na Usukuma wana kumbukumbu yake, na kumbukumbu hiyo ni ya pamba. Kabla ya ushirika, mkulima alibeba pamba yake hadi kwa mnunuzi, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Wanunuzi walikuwa wengi. Kama ungehesabu mafungu, ungesema ushindani upo. Lakini malalamiko makubwa ya wakulima yalikuwa uzito wa uongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walianza kuweka wapimaji wao wenyewe penye vituo vya kununulia, kisha wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa kiongozi wake. Zingatia walianzia wapi: walianzia kwenye mizani. Hawakuanza kwa kudai wanunuzi waongezwe wala wapunguzwe.

Ushirika huo ukawa mkubwa, ukatajwa miongoni mwa mikubwa ya Afrika, ukashika pamba yote ya jimbo. Kisha, msomaji, ikawa yale yale. Mkulima aliyekuwa akimlalamikia mfanyabiashara akaanza kuulalamikia ushirika, makato yakazidi, wafanyakazi wakawa wengi kuliko kazi, na mwaka 1966 Rais akaunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa kabisa, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na katikati ya miaka ya 1990 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Historia hii yawajibu watu wa aina mbili. Wapo wasemao soko huria litajisahihisha lenyewe. Hao waliukosa wakati wa mizani ya uongo. Na wapo wasemao dawa ni kumpa mmoja mwema ashike yote. Hao waliukosa mwaka 1966.

Ukitaka kitu cha zamani zaidi, kipo. Katika miji ya Kiislamu ya karne zilizopita alikuwako afisa wa soko aliyeitwa muhtasibu, na al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, amemweleza kwa urefu katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Jambo moja katika maelezo hayo lahusu uhakiki wetu moja kwa moja: kadhi hukaa akangoja mlalamikaji, lakini muhtasibu hutembea sokoni, akapima mizani na vipimo pasipo kungoja mtu alalamike. Kwa kweli Tume yetu nayo imepewa uwezo wa kuanzisha uchunguzi yenyewe, kwa hiyo hapa maandishi hayana lawama. Lawama ni ya mazoea. Miongoni mwa kesi zake za mwanzo zilizojulikana ni ya kampuni moja ya bia kuishitaki nyingine juu ya mabango na mapambo ya kwenye baa. Wasomaji wa kurasa hizi hawana hasara wala faida katika bia, lakini kesi ile ilikuwa na funzo, maana hoja yake ilikuwa mlango: mkubwa akilipia nafasi ya kuonekana katika kila baa, mdogo ataonekana wapi? Ila ilikuja kwa sababu tajiri alimshitaki tajiri. Wenye miavuli hawana wakili.

Funzo lile la baa limevuka bahari, na makampuni makubwa kuliko yote duniani yameshitakiwa nalo. Mwezi wa Agosti mwaka 2024 hakimu Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba Google imevunja sheria kwa kuulinda ukiritimba wake katika utafutaji wa intaneti. Ushahidi ulionyesha kwamba mwaka 2021 peke yake ililipa zaidi ya dola bilioni 26 kwa Apple, watengenezaji wa simu na wengineo, ili mtu akifungua simu mpya aikute Google tayari imeketi mlangoni. Hiyo si tofauti na mabango ya baa ila kwa ukubwa. Na hukumu ya kutibu, iliyotoka Septemba 2025, haikuivunja kampuni. Iliikataza mikataba ya kujifungia njia peke yake, na ikaiamuru iwape washindani baadhi ya taarifa zake. Wapo waliovunjika moyo kwa hukumu hiyo wakaiita kofi la mama kwa mtoto. Mimi naiona ina akili kuliko wanavyoikubali, japokuwa imechelewa, maana kesi ilifunguliwa mwaka 2020 na katika miaka hiyo mitano dunia ya kutafuta habari ilikwisha kubadilika.

Wazungu wa Ulaya ndio walioliona jambo la mlango kwa uwazi zaidi. Sheria yao ya Masoko ya Kidijitali ya mwaka 2022 haikuanza kwa kuuliza asilimia za soko. Iliuliza: huduma hii hupitiwa na watu wangapi? Ikifika watu milioni 45 kwa mwezi katika Umoja wa Ulaya, na wafanyabiashara 10,000 kwa mwaka, pamoja na kipimo cha utajiri wa kampuni, basi mwenyewe aweza kuitwa bawabu, na bawabu ana wajibu tangu siku hiyo, bila kungoja kesi. Septemba 2023 makampuni sita yalitajwa kwa majina: Alphabet yenye Google, Amazon, Apple, ByteDance yenye TikTok, Meta na Microsoft. Wajibu ulianza Machi 2024, na mwezi wa Aprili 2025 Apple ilitozwa euro milioni 500 na Meta euro milioni 200. Miongoni mwa wajibu huo ni kwamba WhatsApp ifungue mlango ili mtu wa programu nyingine aweza kumwandikia mtu aliye ndani yake. Tafakari kidogo hapo, msomaji. Jambo ambalo Ulaya iliiamuru WhatsApp mwaka 2024 juu ya ujumbe, mitandao ya Tanzania ilikuwa imelifanya juu ya pesa tangu mwaka 2014 hadi 2016. Hatukuwa nyuma. Tulilitenda kabla ya kuliandika.

Wala nisieleweke kwamba nataka Bunge letu linakili sheria ya Brussels. Kipimo cha watu milioni 45 si chetu, na hata kazi ya kuwafuata wakubwa hawa yataka nguvu. Nigeria ilijaribu: mwaka 2024 tume yake iliitoza Meta dola milioni 220 kwa jinsi ilivyozitumia taarifa za Wanigeria na masharti yake ya WhatsApp, na mwaka uliofuata baraza lao likaithibitisha faini hiyo. Nigeria ina watu zaidi ya milioni 200 wa kuweka mezani. Ninalolitaka mimi ni dogo zaidi: wazo la bawabu liingizwe katika sheria yetu kwa kipimo chetu, ili anayepitiwa na sehemu kubwa ya watu wa nchi awe na wajibu wa wazi kabla ya kosa, ama asilimia zake zimefika 35 au hazijafika.

Na hapo serikali nayo isijisahau. Mwezi wa Julai 2021 ilikuwa serikali yenyewe iliyosimama mlangoni kwa tozo ya miamala ya simu, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi wa Septemba baada ya kelele za wananchi. Sheria ya Ushindani haina la kusema juu ya bawabu wa namna hiyo, na sidhani yafaa iwe nalo. Hiyo ni hesabu ya wapiga kura. Nimeitaja kwa sababu walioumia ni wale wale, na kwa kuwa si haki kumhubiria mfanyabiashara peke yake.

Tukiisoma sheria hii kwa macho ya Butimba, basi, twakuta mambo matatu ambayo haiyasemi. La kwanza nimekwisha kulitaja, nalo ni floti: hakuna sababu ya ufundi inayojulikana kwa mtu wa kawaida kwa nini pesa ya mteja ivuke mpaka kwa dakika moja na ya wakala ibaki kizuizini. Makampuni yatajibu kwamba floti ni jambo la mikataba yao na mawakala. Sawa, na kifungu cha 8 kipo kwa ajili ya mikataba. Tume ingeweza kuisoma mikataba hiyo yote kwa pamoja, na kuuliza kama tabia inayofanana katika makampuni yote ni bahati tu.

La pili ni kununuana. Mwaka 2015 Zantel ilinunuliwa na wenye Tigo. Mwaka 2022 Tigo nayo ikauzwa kwa kundi lililoongozwa na Axian, na Novemba 2024 jina lenyewe likafutwa, ikaitwa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Mtu wa Butimba aliona rangi za mabango zikibadilika. Sheria huangalia kama muungano utaunda au utaimarisha utawala wa soko, na hilo ni sahihi. Lakini haiulizi kwa lugha ya wazi habari za mteja zinahamia kwa nani pamoja na kampuni.

Na la tatu latokana na hilo. Tangu Machi 2017 Mtanzania aweza kuhama mtandao akabaki na namba yake ile ile. Ilikuwa hatua kubwa, na magazeti yaliipokea kwa shangwe. Lakini kinachohama ni namba tu. Tangu M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, na mikopo mingine ya simuni iliyoifuata, mitandao hukopesha watu kwa kutazama mwenendo wao: umeweka kiasi gani, umetoa lini, umelipa deni kwa wakati. Mama wa dagaa aliyekopa na kulipa kwa miaka sita amejijengea jina jema, na jina hilo ni mali kama mtumbwi ulivyo mali. Akiona mtandao mwingine una riba nafuu akahamia huko, ataingia kama mgeni asiyejulikana, apewe mkopo wa shilingi elfu chache na kuambiwa aanze upya. Daftari lake limebaki kwa bawabu wa kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yamhesabu kuwa ni mwenye haki juu ya taarifa hizo, na Sheria ya Ushindani yamhesabu kuwa ni mteja aliye huru kuchagua. Ila katika zote mbili sijaona mahali palipoandikwa kwamba aweza kumwambia yule bawabu: nipe daftari langu, nakwenda nalo kwa jirani.